Mgeni Aogelea, Mwenyeji Atazama

Kila mwisho wa juma, hasa katika miezi ya Juni na Julai ambapo vyuo vingi vya ng'ambo vimefunga, vikundi vya wanafunzi wa kigeni waliokuja Dar es Salaam kujifunza Kiswahili, historia au elimu ya mazingira huteremka ufuoni wakifuatana na wenzao wa Kitanzania. Ni desturi njema, nasi twaiunga mkono bila kigugumizi. Kijana aliyetoka Marekani, Ujerumani, China au Japani hawezi kuijua nchi yetu kwa kukaa maktaba peke yake, wala kijana wetu hawezi kuujua ulimwengu kwa kuusoma vitabuni tu. Kula pamoja, kupanda chombo kimoja na kuchomwa na jua moja ni mafunzo ambayo hayana mtihani, lakini ndiyo yanayodumu.

Hata hivyo, kila aliyepata kuziona safari hizi kwa karibu atakubaliana nasi kwamba kuna jambo linalojirudia, na jambo hilo si dogo. Ifikapo saa sita za mchana, jua likiwa utosini na maji yamejaa, kundi lililofika pamoja hugawanyika mapande mawili. Wageni wote wamo majini, wanaogelea hadi penye kina. Wenyeji wako kivulini chini ya mivinje, wanalinda viatu na mikoba, wanageuza mishikaki, na wale waliothubutu wamesimama maji yakiwafika magotini, suruali zimekunjwa. Mgeni aogelea, mwenyeji atazama. Bahari ni yetu, ufuo ni wetu, jina la jiji lenyewe lasifu bandari yake ya salama. Lakini anayejiona yuko nyumbani pale ni yule aliyefika wiki tatu zilizopita kwa ndege.

Wako watakaosema kwamba huo ni mchezo tu, na gazeti halina haja ya kujishughulisha na mchezo. Sisi twaona kinyume chake. Ufuo ni kioo. Humwonyesha mtu ni nani mwenye nafasi, ni nani mwenye fedha, ni nani aliyefundishwa na ni nani aliyeachwa bila kufundishwa. Ndiyo maana twawaomba viongozi wa Serikali, wakuu wa vyuo na wananchi wa Visiwani, ambao watoto wao wengi wanasoma katika vyuo vya Dar es Salaam, watusikilize.

Hapana budi tuanze na historia, maana bila historia mtu huweza kudhani kwamba mambo haya yamezuka yenyewe kama uyoga. Katika enzi ya ukoloni mji wa Dar es Salaam uligawanywa kwa rangi za watu. Upande unaopigwa na upepo wa bahari, kuelekea Oyster Bay, ndio uliokuwa Uzunguni. Katikati pakawa Uhindini, penye maduka. Mwafrika aliwekewa Kariakoo, na mji ulipozidi kujaa, hasa katika miaka ya 1940 na 1950, akapimiwa viwanja na kujengewa nyumba Ilala, Magomeni, Temeke na Kinondoni. Mitaa ambayo sehemu yake kubwa ilitazama bara, nayo bahari ikaipa kisogo. Walikuwapo wenyeji wa pwani wa tangu zamani, wavuvi wa Msasani, Kunduchi, Mbweni na Mbwamaji, lakini hao walihesabiwa kama watu wa shamba, nje ya mji. Hivyo mtoto aliyezaliwa Temeke aliweza kukua hadi akaoa bila kupata kuona haja ya kwenda ufuoni, ingawa kutoka kwao hadi majini si safari ya kutwa.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba, 1961, mpaka huo wa rangi ulivunjwa. Leo ukifika Coco Beach jioni ya Jumapili utawakuta wananchi kwa maelfu: wauza mihogo na madafu, watoto wenye nguo za sikukuu, wachumba, na wazee waliokuja kupunga upepo. Hayo ni matunda ya Uhuru, na asiyeyaona ni mkaidi. Lakini kuruhusiwa kufika ufuoni ni jambo moja, na kuwa mwenyeji wa ufuo ni jambo jingine. La kwanza lilipatikana kwa siku moja. La pili lataka kazi, na kazi hiyo haijakwisha.

Historia ya wanafunzi wa kigeni katika nchi yetu nayo ni ndefu na ya heshima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria tu. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai, 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Katika miaka ile waliosoma pale hawakuwa Watanzania peke yao. Yoweri Museveni wa Uganda alifika mwaka 1967, akaongoza umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi wa Kiafrika, na mwaka 1968 yeye na wenzake walisafiri hadi Cabo Delgado, Msumbiji, kuona kwa macho yao maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO. John Garang wa Sudan, baada ya kupata shahada yake ya kwanza katika chuo cha Grinnell huko Marekani mwaka 1969, alichagua kuja Dar es Salaam kusoma uchumi wa kilimo cha Afrika Mashariki. Mwalimu wao mmoja, Walter Rodney, alitoka Guyana, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Hao walikuwa wageni, lakini hawakuwa watalii. Walibishana na wenyeji ukumbini, walikula nao, na wengine walitoka na wenyeji kwenda kuona vita vya ukombozi. Hapakuwa na upande wa kuogelea na upande wa kulinda viatu. Hatusemi kwamba kila kijana wa kigeni wa leo awe mwanamapinduzi. Nyakati zimebadilika, na wengi wao hukaa nasi kwa wiki nane au kwa muhula mmoja tu. Twasema kwamba kipimo kipo: safari ya pamoja iwe ya watu waliolingana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana ya methali hiyo si kumtesa mgeni. Maana yake ni kumwingiza katika kazi ya nyumba, awe mmoja wa watu. Anayebaki mgeni milele ni yule asiyepewa jembe.

Sasa tuitazame safari yenyewe. Wanaotoka Mlimani hupanda daladala hadi Mwenge, wakaunganisha ya Tegeta, wakashuka Mtongani na kuteremkia Kunduchi. Hapo huchukua mashua kwenda kisiwa cha Mbudya. Wengine huenda Msasani kupanda chombo cha Bongoyo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kilichoko Chang'ombe katika Wilaya ya Temeke, huona karibu zaidi kwenda Kigamboni, ama kwa pantoni kutoka Kivukoni, ama kwa kupita juu ya Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Kigamboni ilikuwa sehemu ya Temeke kabla haijafanywa wilaya ya peke yake, na ufuo wake wa kuanzia Mjimwema kwenda kusini ni mrefu na mzuri kupita kiasi.

Kizuizi cha kwanza hukutwa mahali panapoitwa mlangoni. Katika sehemu nyingi za ufuo, tangu Mikocheni na Mbezi hadi Kigamboni, mtu hafiki majini ila apite katika uwanja wa hoteli, baa au nyumba ya tajiri. Mlinzi husimama. Mgeni mwenye ngozi nyeupe hupita akisalimiwa. Mwenyeji huulizwa anakwenda kwa nani. Wakati mwingine hulipwa kiingilio, na mara nyingine hupita bure mradi mtu anunue chakula, chakula chenyewe kikiwa cha bei ambayo kijana wa bweni hawezi kuitazama mara mbili. Yaliyotungwa kwa rangi zamani sasa hutungwa kwa ukuta na kwa noti.

Sheria ya nchi haikukaa kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa bahari, ziwa au mto, pamoja na shughuli ambazo kwa asili yake zaweza kuathiri hifadhi ya maeneo hayo. Mita 60 si parefu. Ni kama hatua 80 za mtu mzima. Lakini ndani ya hatua hizo 80 mna ukanda ambao mvuvi hupitisha nyavu zake, mama hununua samaki kwa mnada, na kijana hujifunza bahari. Ukanda huo ukizibwa, si mandhari tu yanayozibwa. Tena bahari yenyewe haina subira na wanaoivamia: wakazi wa Kunduchi wameshuhudia kwa miaka mingi jinsi mawimbi yanavyokula ardhi, hasa baada ya mchanga wa mito kuchimbwa kwa ujenzi wa mji badala ya kuachwa uteremke kulisha ufuo.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya vina utaratibu wake. Pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975, na leo vinasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Kiingilio hutozwa, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Huo ni uamuzi wa haki, na fedha hiyo ina kazi, maana matumbawe ya Dar es Salaam yaliumizwa vibaya na uvuvi wa baruti, ambao umehitaji doria nyingi kuudhibiti. Kinachomshinda mwanafunzi wetu si kiingilio cha raia; ni jumla ya nauli ya daladala, nauli ya mashua, kiingilio na chakula.

Hapa ndipo tunapokutana na kizuizi cha pili, yaani mfuko. Mwanafunzi anayesoma kwa mkopo wa Serikali alikuwa akipata shilingi 8,500 kwa siku kwa chakula na malazi. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/23 fedha hiyo ikapandishwa kuwa shilingi 10,000. Nyongeza hiyo ilipokewa kwa furaha, na ilistahili. Lakini kijana mwenye shilingi 10,000 za kutwa, ambazo amekwisha kuzigawa kwa chai, ugali na chumba cha kupanga, hawezi kuzimwaga zote baharini Jumamosi moja. Basi hutokea mambo mawili. Ama haendi, akasingizia kwamba ana kazi ya kuandika. Ama huenda kwa kulipiwa na mgeni.

Kulipiwa si aibu, maana rafiki humlipia rafiki. Lakini kulipiwa kila mara hubadilisha maana ya urafiki. Kwa desturi zetu, mwenyeji ndiye anayemkirimu mgeni: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mambo yakipinduka, mgeni akawa ndiye mkirimu daima, mwenyeji huanza kuulipia ukarimu huo kwa namna nyingine, bila ya kuambiwa. Ndipo utakapomwona amejitolea kulinda mikoba, kubeba sanduku la soda, kubishana bei na mwenye mashua, na kupiga picha ambazo yeye mwenyewe hamo. Hakuna aliyemtuma. Ni uzito wa deni unaomtuma. Kijana wa kigeni, kwa kutojua, huenda akarudi kwao akisema kwamba Watanzania ni watu wapole na wenye msaada sana. Asijue kwamba alichokiona ni umaskini uliovaa nguo za adabu.

Dawa ya kizuizi hiki haihitaji bajeti kubwa. Vyuo vinavyopokea wageni hutoza ada kwa ajili ya mafunzo yao, na ziara kwa kawaida zimo katika mpango. Basi na iwe kanuni kwamba kila ziara yenye wageni kumi iwe na wenyeji kumi, na gharama za wote zitoke katika mfuko mmoja wa ziara, si katika mfuko wa suruali ya mtu. Mwenyeji aende kwa haki ya kuwa mwanafunzi mwenza, si kwa fadhila. Na anapokwenda, apewe kazi inayolingana na elimu yake: aeleze, afundishe, aongoze mjadala. Hilo ndilo jembe lake naye.

Kizuizi cha tatu ndicho kizito kuliko vyote, nacho ni kutojua kuogelea. Tuseme wazi: vijana wengi wa mijini, hata wale waliozaliwa pwani, hawajui. Shule zetu hufundisha mpira wa miguu, mpira wa pete na riadha, lakini shule yenye kufundisha kuogelea ni nadra, na yenye bwawa ni ya matajiri. Kila inapofika sikukuu ya Idi, Krismasi au Mwaka Mpya, polisi wa jiji hulazimika kulinda fukwe na kuwaonya wazazi juu ya watoto, maana furaha ya sikukuu imepata kugeuka matanga katika nyumba nyingi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa taarifa mwaka 2024 kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021 peke yake, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa nao umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kukumbusha kinga ya kufa maji.

Sisi wa Visiwani hatuna haja ya kukumbushwa na mtu wa mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Misiba ile iliingia karibu kila mtaa. Hatudai kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote. Meli iliyojaa kupita kiasi ni kosa la usimamizi, si la abiria. Lakini mtu wa visiwani asiyejua kuelea juu ya maji hata kwa dakika kumi ni kama mtu wa mlimani asiyejua kupanda.

Tena tusijidanganye kwa kuwatazama vijana wa kiume wanaojirusha majini pale Forodhani jioni, tukasema kwamba wetu wanajua. Wanajua baadhi ya wavulana. Wasichana je? Mradi wa Panje, ulioko Nungwi, uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo ndefu za kuogelea zinazositiri mwili wote, nao wakajifunza na wengine wakawa walimu. Mpigapicha Anna Boyiazis aliwapiga picha mwaka 2016, na picha hizo zikapata tuzo katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2018. Dunia iliwasifu wasichana wale. La muhimu kwetu ni kwamba walithibitisha jambo moja: stara na elimu ya maji havigombani. Anayesema kwamba binti hawezi kuogelea kwa sababu ya heshima yake, na aulizwe kama heshima hiyo itamshika mkono chombo kikipinduka.

Nasi tuliopitia chuoni kabla ya kwenda skuli twaukumbuka usemi ambao walimu wetu waliunasibisha na Sayyidna Umar, wa kuwahimiza wazazi wawafundishe watoto wao kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi. Mishale na farasi tumevisamehe kwa kubadilika kwa nyakati. Kuogelea hakujabadilika, maji yangali maji.

Basi safari hizi za mwisho wa juma zaweza kuwa darasa. Katika kila kundi la wageni hukosekani vijana waliofundishwa kuogelea tangu utotoni, wengine wakiwa na vyeti vya uokoaji. Badala ya kuwaacha wajitenge huko kwenye kina, kiongozi wa ziara na awaombe saa moja wawafundishe wenzao, mahali penye maji ya kiuno, wavulana kwa wavulana na wasichana kwa wasichana kwa wale wapendao hivyo. Ndivyo mgeni naye anavyopewa jembe. Saa moja kwa Jumamosi sita haimfanyi mtu bingwa, lakini humtoa katika hofu na kumfundisha kuelea.

Badala yake mwenyeji ana mengi ya kumfundisha mgeni, na baadhi yake ni ya kuokoa roho vilevile. Mgeni ajua kuogelea, lakini aliyazoea maji ya bwawa. Haijui bahari hii. Hajui kwamba mwezi wa Juni na Julai ni msimu wa kusi, ambapo asubuhi yaweza kuwa shwari na alasiri mawimbi yakachafuka. Hajui kwamba wakati wa bamvua maji ya Dar es Salaam hujaa na kupwa kwa tofauti ya zaidi ya mita 3, hata mahali alipopita kwa miguu asubuhi hapapitiki jioni. Hajui mkondo unavyovuta katika mlango wa visiwa. Nahodha wa mashua anajua yote hayo bila kitabu, na maneno yake ni hazina: kusi, kaskazi, matlai, maji mafu, bamvua, kilindi, fungu, mwamba. Mwanafunzi aliyesafiri maelfu ya maili kujifunza Kiswahili atayapata wapi maneno hayo kama hakuyapata chomboni?

Hapo twaligusa jambo la lugha, nalo latusikitisha. Mara nyingi wageni waliokuja kujifunza Kiswahili hujaribu kukisema kwa shida na kwa bidii, na vijana wetu huwajibu kwa Kiingereza, wakitaka kuonyesha kwamba nao wamesoma. Wazee wetu walifanyiwa vingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 vijana wengi wa Unguja na Pemba walipelekwa kusoma Ujerumani ya Mashariki, Urusi na China. Hapakuwa na mwenyeji aliyewaonea haya kuwasemesha kwa lugha yake. Huko Leipzig palikuwa na Taasisi ya Herder, ambayo kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa kigeni Kijerumani kabla hawajaingia vyuoni. Mwenyeji aliiheshimu lugha yake, na mgeni akaiheshimu pia.

Sisi nasi tunazo taasisi zetu. Ile ya Kiswahili na Lugha za Kigeni ya Zanzibar, ambayo sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imewapokea wageni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi yake kongwe ya Kiswahili. Tangu mwaka 2021 UNESCO imeitambua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Itakuwa kichekesho dunia itupe siku, nasi tumnyime mgeni neno.

Wala ufuo si maji na mchanga tu. Kunduchi, hatua chache kutoka wanapopandia mashua, pana magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo zilizopambwa kwa sahani za Kichina. Kundi lenye wanafunzi kutoka China linapopita pale bila kusimama, somo zima la biashara ya Bahari ya Hindi limepotea. Pale pale Kunduchi kuna soko la samaki, ambapo mwanafunzi wa uchumi ataona bei ikipangwa kwa sauti ya mnadi. Kigamboni kuna Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kilichoanza mwaka 1961 kikiitwa Chuo cha Kivukoni, na ambacho kina tawi lake Bububu, Unguja. Mbele zaidi kuna Gezaulole, karibu na mji wa kale wa Mbwamaji, kimojawapo cha vijiji vya ujamaa vya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hayo yote yamo ndani ya safari ya siku moja, na kuyaeleza ni kazi ya mwenyeji.

Mgeni naye ana wajibu wake. Ufuo wa wavuvi ni mahali pa kazi na ni mtaa wa watu. Vazi la kuogelea ni la majini. Mtu anapopita sokoni au karibu na msikiti ajisitiri. Mtoto wa mvuvi si kipepeo wa kupigwa picha bila ruhusa ya mzazi wake. Chupa iliyoingia kisiwani ikiwa imejaa itoke ikiwa tupu, isibaki chini ya mvinje. Na hakuna atakayepanda mashua bila kuvaa jaketi la kujiokolea, awe anajua kuogelea au hajui. Kijana wetu asione haya kumwambia mgeni maneno hayo. Mwenyeji asiyemwonya mgeni hakumheshimu; amemwogopa tu.

Kwa viongozi tuna maombi manne. Kwanza, halmashauri za Kinondoni, Temeke na Kigamboni zihakikishe kwamba njia za umma za kufika ufuoni zimepimwa, zimewekewa vibao na hazifungwi na mtu, na kwamba kifungu kile cha mita 60 kinasimamiwa kwa mwenye hoteli kama kinavyosimamiwa kwa mwenye banda la mihogo. Pili, vyuo vipange ziara kwa mfuko mmoja na kwa idadi sawa ya wageni na wenyeji. Tatu, wizara za elimu za pande zote mbili za Muungano ziliingize somo la kuogelea na usalama wa majini katika shule za pwani, visiwani na kandokando ya maziwa, zikianza na walimu wachache na ufuo uliopo, mabwawa yatafuata. Nne, mamlaka za usafiri wa majini zikague mashua hizi ndogo za mwisho wa juma kwa makini yale yale yanayotumika kwa meli kubwa, kwani roho ya abiria wa Mbudya ni sawa na roho ya abiria wa Pemba.

Ndugu zetu wa Visiwani wasiyasome haya kama habari za ng'ambo. Yanayoonekana leo Mbezi na Mjimwema yamekwisha kupiga hodi Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani. Huko nako kijana aweza kukua akiijua bahari kwa kuitazama kupitia uzio. Zanzibar ina sheria yake ya mazingira, Na. 3 ya mwaka 2015, na ina Serikali yenye masikio. Lililobaki ni wananchi kuusimamia ufuo wao kabla haujawa wa kusimuliwa.

Jina la Gezaulole ni la Kizaramo, na maana yake ni jaribu uone. Nasi hatuna nasaha fupi kuliko hiyo. Vyuo vijaribu Jumamosi moja tu: mfuko mmoja, lugha ya Kiswahili, mwenyeji mbele akieleza, na saa moja ya mafunzo majini. Kisha ifikapo saa sita za mchana wahesabu ni wangapi waliobaki kivulini wakilinda viatu.